Vyelezo Ulivyonichongea

Baba Neema,

Nilipanga kukuandikia kwa upole. Nilitaka kukuambia kwamba Neema amepata kazi, na kwamba bado nanunua yale maziwa yako ingawa mimi siyanywi. Lakini nina hasira na wewe, na ni heri uisikie kwangu.

Jumamosi nilirudi kuvua mferejini, kule Alperton. Tangu tukuzike sikuwa nimekanyaga. Mzee Kambale, yule Mkongo uliyekuwa ukikaa naye ukingoni, alinipigia simu akasema kuna mashindano ya chama cha wavuvi na nafasi yangu ipo. Nikabeba kisanduku chako cha zana za kuvulia badala ya changu, kwa sababu tu kilikuwa chako.

Unakumbuka nilivyocheka mara ya kwanza? Watu wazima wamekaa kwenye baridi, wanavua visamaki vya urefu wa kidole, wanavipima kwenye mizani, halafu wanavirudisha majini. Mimi, mtu wa Mwanza! Ukaniambia nitazame chelezo, kile kijiti kinachoelea na kuzama samaki akigusa chambo, nisikutazame wewe. Jioni ulikaa pale mezani jikoni ukichonga vyelezo, vyako na vyangu, ukivipaka rangi, na mimi nikiona fahari kwamba nina mume anayenichongea vitu. Kila mara nikawa wa mwisho, au karibu na mwisho. Kwenye basi la kurudi ulinishika mkono ukasema, "Mkono wako mzito tu, Mama Neema. Si kosa lako."

Niliamini. Miaka yote hiyo niliamini kwamba tatizo ni mkono wangu.

Ndani ya kisanduku nilikuta vyelezo vyako. Ncha zake nyembamba kama unywele wa brashi. Changu, ulichonichongea wewe, kilichokuwa bado kwenye mshipi wangu, kina ncha nene kama njiti ya kibiriti. Nikakifungua, nikafunga chako. Nikabana vipande vidogo vya risasi kwenye mshipi ili vikizamishe, mpaka juu ya maji ikabaki nukta tu ya ncha, kama nilivyokuona ukifanya. Nikatia funza kwenye ndoana, nikashusha.

Nukta ikazama. Nikainua, samaki. Nikashusha tena, ikazama tena.

Samaki wa mfereji ule hawavuti, Baba Neema. Wananyonya chambo kidogo na kukitema. Ncha nene haitikisiki, inakaa pale pale kama vile hakuna kitu chini. Samaki walikuwa wanakuja kwangu siku zote, na mimi nimekodolea macho kitu kisichoweza kuniambia.

Nikasimama, nikaenda kwa Kambale na vyelezo vyote viwili mkononi, chako na changu. Nikamuuliza kama ulijua.

"Alijua, mama," akasema. "Na sisi tulijua. Alituomba tusikuambie. Alisema ukimshinda ataona haya kuja tena."

Na sisi. Hapo ndipo palipochoma. Wale niliowamiminia chai, waliokuwa wakiniambia nakaribia kushika mchezo, wote walikuwa wanajua mke wako anavulia kitu gani.

Nilishika nafasi ya pili siku hiyo. Walipiga makofi. Sikubaki.

Nyumbani nilimweleza Neema. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba labda baba alitaka kuwa bora katika kitu kimoja tu, maana kazini kwenu kila mtu alikuwa bosi wako, na hapa London hukuwa na kingine. Nikamuuliza: na mimi ninayeosha wazee wa watu wiki nzima, nilikuwa na kingine gani?

Ungeniambia tu. Ningekuachia ushinde. Hapana, nisingekuachia. Lakini ungeniambia.

Lala, mume wangu. Siwezi kusema nimekusamehe. Ningekuwa nakudanganya, na ulipokuwa hai sikukudanganya. Nitaendelea kuja kupalilia kaburi lako, na nikilia nitalia kweli. Ila nakuahidi hili: nitarudi mferejini, nitakaa nafasi yoyote ya ukingoni itakayoniangukia kwenye kura, na vyelezo nitachonga mwenyewe. Mtu akiniuliza nani alinifundisha kuvua, nitakutaja kwa jina lako lote. Nitamwambia ulichonifundisha, kisha nitamwambia ulichonificha.

Mkeo,
Mama Neema