Alama za Bia Nyeusi

Getruda, soma kisha uchome karatasi hii.

Kizibo cha chupa ya tatu kililia pwa! gizani, sijawasha hata taa. Nikaonja. Papo hapo, hodi! Mke wa mzee wa kanisa! Na kesho ndiyo wanachagua mwalimu wa darasa la akina mama, nami nimependekezwa. Kesho, Getruda! Nawe wajua, mnywaji hafundishi.

Haikuwa starehe. Maziwa yangu yamepungua, kichanga wangu hashibi, na mkunga alisema bia nyeusi huyarudisha. Mume wangu Nikolaus alipewa chupa tatu na Mzungu mmoja kule hotelini anakopika. Ya kwanza chungu, kama kahawa iliyoungua. Ya pili tamu kama sukari guru. Ya tatu nzito kama uji wa ulezi. Nami mjinga kila moja nikaipa alama juu ya kumi, kwa sauti, kama mwalimu wetu wa darasa la jioni!

Nikasukuma chupa uvunguni. Mama mgeni akaketi, akanusa.
"Kunanukia nini, mwanangu?"
"Dawa ya maziwa, mama."
Dawa! Nilisema dawa!

Akaitikia, "Mungu akujalie." Nikapumua.

Ndipo Eustace wangu, miaka minne tu, akainuka mkekani:

"Bibi, bia tamu imepata tisa."