Samaki wa Hitima ya Kasingirima

Kasingirima, Kigoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na kahawa, mmeshaanza kuchuma au mvua bado inawazuia? Mwili wangu ni mzima. Nimeona niandike kwa sababu simu ya huko anaishika kaka, na kila nikipiga anaweka sauti ya nje, nyumba nzima inasikia. Haya nataka uyajue wewe.

Unakumbuka niliponung'unika kuwa tangu nipangiwe huku kutoa dawa zahanati sina wa kuzungumza naye. Watu ni wema, lakini wakishaanza Kiha mimi hubaki natabasamu tu. Aliyenivuta karibu ni Spesiosa, mke wa mtoto wa mwenye nyumba wangu, Bi Ashura. Ametoka Kagunga, kule kwa wavuvi mpakani na Burundi, na mumewe yuko Mpanda kikazi. Kila asubuhi alikuwa akinigongea na salamu ya Kiha: "Mwakeye, Kolumba! Chai tayari." Mama mkwe wake hakumpenda tangu siku ya kwanza.

Jumapili ilikuwa hitima ya marehemu mume wa Bi Ashura. Spesiosa alinunua samaki wa ziwani, migebuka, sokoni Kibirizi. Walikuwa wamekaa kwenye joto bila barafu, ila kwa macho walikuwa wazuri, wala hawakunuka. Nilipotia tonge mdomoni ulimi uliniwasha kama nimekula pilipili. Nikadhani ni viungo.

Haukupita muda, nyuso zikawa nyekundu. Watu wakaanza kujikuna shingo, mwingine analalamika kichwa, mwingine moyo unamwenda mbio. Mama mmoja akasimama. "Huyu katutilia sumu!"

Spesiosa alikuwa bado ameshika upawa. "Jamani, hata mimi nimekula."

"Umekula kidogo!"

Tukawapeleka zahanati. Bi Ashura ana pumu, na kifua kilikuwa kimeanza kumbana. Daktari akamchoma adrenalini, maana pumzi ikifika hapo vidonge havina haraka ya kutosha. Waliobaki niliwapa setrizini, vidonge vya kutuliza mwasho. Bi Ashura alipopata nafuu nikakaa kando ya kitanda chake, Spesiosa amesimama mlangoni, nikaeleza. Nikasema mwilini mwetu kuna kitu kinaitwa histamini. Mwili ukidhani umeingiliwa na adui hukiachia, na ndicho kinachofanya ngozi iwe nyekundu, ivimbe na kuwasha. Sasa samaki akikaa kwenye joto, bakteria huitengeneza histamini hiyohiyo ndani ya nyama yake, na hata umkaange vipi haitoki. Dawa nayo haiiondoi. Inaziba tu pale inapotaka kushika, mpaka mwili wenyewe uimalize.

Bi Ashura alinisikiliza hadi mwisho. "Wewe ni rafiki yake," akasema. "Lazima umtetee."

Na mimi nilikuwa nawashwa mwili mzima, mama. Setrizini ilikuwa imeisha, nikameza klorofeniramini, vile vidonge vidogo vya zamani. Hivyo huingia mpaka kwenye ubongo, na huko histamini ndiyo inayotuweka macho. Ikizibwa, unalala kama gogo. Nililala hivyo.

Nilipoamka jua lilikuwa limejaa uani. Chumba cha Spesiosa kilikuwa wazi, begi halipo.

Nilikwenda kazini nimevurugikiwa. Kabla hata sijakaa, ikaingia familia ya mtaa mwingine, nyuso nyekundu, wanajikuna vilevile. Walikula migebuka ya muuzaji yuleyule. Nilimwachia mwenzangu dirisha la dawa nikakimbia nyumbani, ambako Bi Ashura alikuwa ameshaletwa, nikamweleza. Alifunga na kufungua ncha ya kanga yake. Kisha akasema, "Basi mpigie. Mwambie arudi kwake."

Simu ilisumbua sana kushika. Spesiosa alipopokea nikamweleza yote kwa mkupuo.

"Ulishatueleza jana kuwa ni samaki," akasema. "Sikuondoka kwa ajili ya samaki, Kolumba."

"Sasa mbona hukuniaga?"

"Nilikugongea. Nilikugongea mpaka bodaboda akaanza kupiga honi. Nilijiambia, ukitoka ukanambia nibaki, nitabaki."

"Nilikuwa nimemeza dawa."

"Najua. Nilikusikia unakoroma." Akacheka kidogo, na simu ikakatika. Nimempigia tena na tena. Siku hizi inaita tu.

Sasa tumebaki wawili kwenye ua huu. Jana jioni Bi Ashura aliniletea ugali na dagaa. Alimega yeye kwanza, akatafuna huku ananitazama, ndipo akanisogezea sahani. Tulipomaliza kula akaniuliza, "Hivi yule alikuwa anakwambia nini asubuhi, mpaka mnacheka vile?"

Yalikuwa mambo madogo madogo tu, mama. Nikamwambia, "Alikuwa ananisalimia." Akatikisa kichwa, akachukua vyombo, akaenda kuviosha mwenyewe.

Nisalimie bibi, na umwambie nakula vizuri. Msalimie shangazi Agripina, mwalimu wa kwaya, na baba mdogo Festo na mashine yake ya kukoboa. Kaka naye msalimie, asinune kwa kuwa sikupitia kwake. Likizo yangu bado iko mbali. Ukipata nafasi niandikie, hata kama ni habari za mbuzi tu, nisome maneno ya mtu anayenijua.

Mwanao akupendaye,
Kolumba