Mlango Mpya wa Nyumba ya Baba

Kijijini Ushirombo,
S.L.P. 31,
Kahama.
14 Oktoba 1982

Mpendwa kaka Felician,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Muheza kwenye mkonge, na kile kikohozi kimekuacha. Wifi Mwanaima na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila jua ni kali, na mawingu yanapita tu yakitutazama.

Mpunga mwaka huu haukutuaibisha. Michembe yako ya viazi vitamu nimekuwekea debe zima.

Sasa kaka, kuna jambo linaloninyima raha. Kwa wiki tatu, mpaka juzi, Baba alikataa kulala ndani ya nyumba yake. Alikuwa analala jikoni, juu ya ngozi ya ng'ombe, na kosa ni langu.

Unaukumbuka mlango wa mninga aliouchonga mwaka alipomwoa Mama. Tulipohamishiwa huku kijijini, nyumba nzima tuliibomoa tukaipakia kwenye mkokoteni, wewe ukiswaga ng'ombe. Tangu hapo Baba amekuwa akibadilisha: mwaka huu nyasi, mwaka mwingine fito, kisha nguzo na boriti, moja moja. Macho yalipofifia aliendelea kwa kupapasa. Mlango tu ndio uliobaki wa zamani, nao mchwa wakauingia.

Mimi na ujanja wangu nikamwita fundi Maige. Jumapili Baba alipokwenda misa tukaung'oa, tukatia mpya, mninga vilevile, kipimo kilekile, hata bawaba ni zilezile. Nilijisifu, haki ya Mungu! Baba akarudi, akaupapasa. Kisha akasema, "Hodi wenyewe." Kaka, alipiga hodi nyumbani kwake! Nikacheka nikidhani ananitania. Aligeuka, akaenda kukaa jikoni.

Nilimbembeleza. Nikamwambia, "Baba, mbona nyasi si zile, nguzo si zile, na bado ulikuwa unalala?"

Akanijibu, "Zile nilizitoa mimi. Kila nilipotoa moja, zilizobaki zilikuwa zinanijua. Hii mmeijenga ninyi."

Tangu siku hiyo naota nikiwa macho. Nikitwanga mpunga naiona nyumba ya kule tulikotoka imesimama, Mama anafagia kizingitini, upepo unapita kwenye nyasi za paa. Najiuliza, nyumba ile ilikwenda wapi? Kila nguzo iliyooza tuliipasua tukapikia. Kumbe tumeila, kaka, kidogo kidogo, pamoja na ugali. Huenda imo ndani yetu, na wewe huko uliko unatembea na kipande chake. Mchi unanisimama mkononi nikiwaza hivyo, na shangazi Serafina anauliza kama nimerogwa.

Juzi wingu zito lilitanda. Nikaogopa mvua itamkuta pale jikoni panapovuja. Nikamfuata Maige tena, tukaung'oa ule mlango mpya mchana kweupe, nikamwekea Baba mapajani pamoja na nyundo. Aliupapasa hadi alasiri. Akaomba randa, akaupunguza upande ambao kwa macho yangu ulikuwa sawa kabisa. Kisha akautia mwenyewe, mimi nikishika tu. Alijigonga vidole mara mbili, akawalaani mchwa na ukoo wao wote. Siku hiyo alilala ndani.

Nilifurahi mpaka nikalia. Lakini asubuhi aliniita, akaniagiza niandike maneno yake kama yalivyo: "Mwambie Felician aje nikiwa bado nashika nyundo. Nyumba hii imebakiza boriti moja ya zamani, nayo ni mimi. Sitaki mahali pangu pazibwe na fundi."

Kaka, njoo. Usingoje telegramu.

Msalimie sana wifi, uwabusu watoto. Shangazi Serafina na binamu Apolinari wanakusalimu, na Maige pia, ingawa anaona haya. Mungu akuongoze njia nzima, na Bikira Maria akufunike kwa nguo yake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Salvina