Mzigo Begani

Jumanne, 15 Julai

Nimekanda udongo tangu asubuhi. Baridi ya Julai huufanya mgumu kama sabuni ya mche. Nimeuweka kwapani ndipo ukalegea. Huu si udongo wa mfinyanzi. Ni wa plastiki, haukauki wenyewe, hungoja kuokwa. Unaumba leo, unarekebisha kesho. Ndiyo maana naupenda.

Naumba mpagazi wa misafara, urefu wa kidole cha kati. Bi Kalunde, mwenyekiti wa kikundi kinachouza vitu kwa wageni kule Kwihara, anataka sanamu moja ya kutolea kalibu. Kalibu ya mpira, ule unaomiminwa juu ya sanamu ukiwa uji, kisha ukaganda. Humo atamimina resini, plastiki ya maji inayoganda, tena na tena, wapagazi watoke wamefanana kama mapacha.

Sanamu moja. Lakini kaagiza kwa watu wawili, apate kuchagua. Mimi, niliyefundisha sanaa miaka thelathini. Na Mwinshehe, fundi wa reli mstaafu, aliyeanza kuchezea udongo mwaka jana.

Nimeudhika.

Alhamisi, 17 Julai

Mwinshehe amepita. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Akisema lolote sina ruhusa ya kukasirika.

Nilimweleza kwa nini mpagazi wangu amebeba mzigo kichwani. Mzigo wa begani, mkono ukiwa umeukumbatia, huacha uwazi nyuma ya shingo. Mpira huingia humo ukang'ang'ania, na sanamu haitoki bila kupasua kalibu. Kichwani hakuna shida hiyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka hadi akashika ukuta.

"Mnyamwezi gani huyu wa kubeba kichwani? Kichwani tulibeba sisi wa pwani! Nyie mlibeba begani, mtani. Au umeshahamia kwetu?"

Kweli. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alikuwa na nundu ya sugu kwenye bega la kushoto, ngumu kama kokwa. Nilikuwa nikiigusa nilipokuwa mtoto. Mimi mjukuu wake nimesahau, Mzaramo amekumbuka.

Sikula chakula cha mchana.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda kwake kuona kazi yake. Nilitaka iwe mbaya.

Si mbaya. Mzigo uko begani, shingo imepinda kuupisha, na uzito wote unateremka hadi kisigino cha kushoto. Ukimtazama unachoka wewe. Ule uwazi nyuma ya shingo ameuziba kwa pindo la nguo. Jambo dogo. Sikuliwaza.

Amenishinda. Naandika hapa kwa sababu sitalisema popote.

Kisha nikanusa. Ameumba kwa udongo ule wa kijivu wa mafuta, unaonuka kama kibiriti. Una salfa. Mpira aliotugawia Bi Kalunde haupatani na salfa. Ukiigusa haugandi, unabaki ute, na ute huo unaharibu sanamu. Tiba ni kuumba upya kwa udongo mwingine. Pakiti yangu ya pili iko kabatini, haijafunguliwa.

Akaniuliza, "Mwalimu, una la kunirekebisha?"

Nikasema, "Iko vizuri."

Jumapili, 20 Julai

Nimemwoka mpagazi wangu. Sufuria, mchanga ndani, makaa chini na juu ya mfuniko, kama keki. Nusu saa. Moto ukizidi, udongo unaungua na kutoa moshi mbaya.

Mke wangu amenitazama. "Leo huelezi kitu. Unaumwa?"

Nimepanga upya makaa.

Jumanne, 22 Julai

Nilichukua ile pakiti nikaenda. Kweli nilikuwa nakwenda kumwambia. Nikafika langoni, nikasikia sauti ya Bi Kalunde ndani.

"Babu Mwinshehe, huyu anatembea! Yule wa Mwalimu niliyemwona jana kasimama kama anapigwa picha ya kitambulisho."

Wakacheka wote wawili.

Nikarudi nyumbani na pakiti yangu.

Ijumaa, 25 Julai

Mwinshehe alimimina mpira asubuhi. Alasiri amekuja, mikono inanata, sanamu imefungwa kwenye gazeti. Uso hakuna. Alipofuta ute, pua na macho vilikwenda nao. Mzigo umebonyea.

"Mtani, mpira umekuwa uji. Nimekosea nini?"

Nikamweleza. Salfa, mpira, kwa nini haugandi. Nilieleza vizuri, kama nilivyokuwa nikieleza darasani, na kwa muda nikaona raha. Kisha akauliza, taratibu:

"Ulijua lini?"

"Jumamosi."

Nilingoja utani. Alikuwa na haki ya kunitukana mimi na ukoo wangu wote, nami nicheke tu. Alikunja gazeti lake akaondoka. Miaka kumi na tisa tunajuana, hajawahi kutoka kwangu bila kunidhihaki.

Naona aibu. Na bado nina wivu. Nilidhani kimoja kingefukuza kingine.

Jumamosi, 26 Julai

Nimekwenda Kwihara. Mpira uliobaki unatosha kalibu moja, na Bi Kalunde alikuwa amekwisha kuamua kutumia sanamu yangu. Nikamwambia asitumie. Nikamwambia na sababu, yote.

"Mwalimu, una homa?"

Nikasema sina. Amekubali kungoja hadi Jumatatu, Mwinshehe aumbe upya.

Kutoka hapo nikaenda kwa Mwinshehe. Niliweka pakiti juu ya kiti chake cha barazani. Nikasema meza yangu iko wazi kesho. Aliitazama pakiti, akaingia ndani.

Jumapili, 27 Julai

Amekuja saa nne. Amekaa kwenye meza yangu, akakanda. Sikumfundisha kukanda. Ilinigharimu kujizuia.

Mpagazi amerudi, kisigino kilekile, shingo ileile. Ameumba kwa saa tatu bila kusimama. Nilitazama mikono yake na wivu wangu ulikuwa palepale.

Karibu na mwisho aliniuliza nundu ya babu ilikaa wapi hasa. Nikamwonyesha kwenye bega langu mwenyewe. Akaligusa, akachukua punje ya udongo, akaibandika chini kidogo ya mzigo. Akailainisha kwa kidole gumba.

Tukamwoka kwenye sufuria ya mchanga. Tulikaa tukiangalia makaa. Mke wangu akaleta chai.

Mwinshehe akainua macho, akamwona yule wangu wa kwanza dirishani, na mzigo wake kichwani.

"Huyo nipe mimi," akasema. "Huyo ni wa kwetu."

Nikamshusha, nikampa. Akamtia mfukoni mwa shati, kichwa kikiwa nje.