Hodi Uliyoiacha Mlimani

Uswisi, mwezi wa Agosti. Mwaka wa arobaini na tatu tangu niondoke Unguja, na wa kwanza tangu uondoke wewe.

Makame,

Nimeipanda ile milima. Nakuandikia kutoka kibanda cha pili cha wapandaji, ambamo mvua imetuzuia leo. Magoti nimeyafunga bendeji, na viatu vyangu vimepangwa mlangoni pamoja na vya wenzangu, kama viatu vya msikitini. Ulinieleza yote haya uliporudi. Sikutaka kuyasikia.

Unakumbuka, safari ilikuwa yangu. Binti yangu Salma alinilipia siku nne milimani pamoja na kiongozi, zawadi ya kustaafu. Goti likavimba wiki ileile uliyokuja kunitembelea, nikakupa nafasi yangu. Wewe, uliyezoea kutembeza wageni katika mashamba ya viungo Kizimbani, ambako hapana kilima cha kumchosha mbuzi. Nilidhani utarudi siku ya pili. Ulirudi siku ya nne, pua imebabuka kwa jua la theluji, ukaniambia, "Sheikh, umekaa chini ya neema hii miaka yote na hujaipanda?" Nilicheka nawe. Iliniuma.

Jana tulipanda tangu asubuhi, mawe, kisha theluji, kisha mvua. Lena, kiongozi yuleyule aliyekuongoza wewe, alikuwa akinisubiri kila kona, na kila tulipopumzika alinipa habari zako. Hapa Makame aliteleza akaketi, akasema mlima umemkaribisha kitako. Hapa Makame alisali, sote tukamngoja. Nikawa naitikia kwa adabu, na moyoni nasema: mimi ndiye ninayeishi nchi hii.

Tulifika kibandani nimeloa, sina hata pumzi ya kusema. Lena akasimama mbele ya mlango, hakuugusa. Akaita, "Hodi!" Na ndani, sauti nzito ya mzee wa milimani ikajibu, "Karibu."

Nilidhani ni uchovu.

Mzee huyo ni Anton, mwenye kibanda. Alinieleza kwamba wewe ulisimama palepale mvuani ukibisha hodi, nao wakikupigia kelele kuwa mlango uko wazi, uingie. Ukakataa. Mlango wazi hautoshi, ulimwambia Lena kwa Kiingereza chako cha Kizimbani, mtu huingia akiitikiwa. Ukawafundisha la kujibu, na tangu siku ile kila kiongozi anayefika hapa hubisha hodi. Mimi nimebonyeza kengele za milango ya nchi hii miaka arobaini na tatu, Makame. Sikumwachia mtu hata neno moja.

Ndivyo ulivyokuwa tangu utotoni. Ulipobisha hodi kwetu Mkunazini, mama yangu alikuitikia kutoka ghorofani kabla mimi sijafungua kinywa: "Karibu, Makame. Ushakula?" "Nshakula, Bi Zuhura." Kisha ukala, tena ukapewa kichwa cha samaki, nilichokuwa nakitaka mimi. Alipofariki, wewe ulikuwa kando ya kitanda chake. Mimi nilikuwa huku, nimeshika simu. Jeneza lake ulilibeba wewe. Nilikushukuru kwa moyo wote na nilikuonea gere, na hayo mawili hayakuwahi kuachana. Hata leo, maiti wewe, bado nakuonea gere.

Mkeo amenipigia mara kadhaa. "Njoo, shemeji, mlango uko wazi." Najua uko wazi, na najua ataniitikia kwa ukarimu wake wote. Nyumba yetu ya Mkunazini sasa ni hoteli. Wanasema pale mlangoni husimama kijana mwenye sare, anayekaribisha watu kwa Kiingereza. Lakini sauti nilizokuwa nikizitaka ni mbili tu, ya mama na yako, na zote ziko chini ya udongo. Wewe mwenyewe ulikataa mlango wazi usio na wa kukuitikia. Basi usinilaumu.

Lala salama, ndugu yangu. Mola akupanulie kaburi lako. Kila kiangazi, maadamu magoti yananibeba, nitapanda mpaka hapa na nitabisha hodi, na Anton ataniitikia kwa neno lako.

Unguja sitarudi.