Neno la Idi

Jumatano

Neno lenyewe ni vellam. Naliandika nisije nikalisahau.

Nimetoka kazini, kule hotelini Garhoud, miguu inawaka moto. Nikampitia Idi, mwanangu mdogo, kwa Mama Anju, jirani yetu Mhindi wa Kerala anayekaa naye mchana. Kufika nyumbani tu, kilio. "Vellam! Vellam!" Nikampa biskuti, akaitupa. Nikampa simu, akaisukuma. Nikambeba, nikamwimbia, mwisho nikamfokea. Mtoto wa miaka miwili, namfokea kwa sababu simwelewi.

Rukia akachungulia kutoka chumbani, vidude vyake masikioni. "Mama, mnyamazishe basi, kesho nina mtihani."

Aliyeniokoa ni kaka yake, Salim. Hata macho hakuyatoa kwenye katuni, akaniambia kwa hicho Kiingereza chake cha shule: anataka maji, ndivyo wanavyosema kwa kina Anju.

Maji! Mwanangu ana kiu, nami namwimbia.

Rukia nilimlea mwenyewe Mombasa, kabla hatujahamia huku Uarabuni; neno lake la kwanza nalikumbuka mpaka leo. La Salim pia. La Idi atakuwa amelisikia Mama Anju, na mimi sijawahi hata kumuuliza.

Baba yao anasema mtoto atazoea, khalas, yamekwisha. Atazoea nini? Kuwa mgeni kwangu?

Wakati wa kulala nikamshikia kikombe. "Idi, sema maji."

Akafumba mdomo, akanitazama. "Vellam," akasema polepole, kisha akanisubiri.

"Vellam," nikasema.

Ndipo akanywa.