Ng'ombe wa Mama Chebet Miguu Juu

Dada Achieng',

Baridi ya Eldoret inanitetemesha, lakini niko salama. Leo Kapseret nilipiga picha tone la umande kwenye jani la napia, nyasi ya kulishia ng'ombe, karibu sana, mpaka ng'ombe wa mwenyeji wangu, Mama Chebet, akaonekana ndani yake, mdogo kama siafu, miguu juu. Mama akachungulia picha kwenye kamera. "Maziwa yangu yatamwagika! Msimamishe!"

Nikamwambia maji hupindua kila kitu. Akaninyima chai.

Nikageuza kamera juu chini. Ng'ombe akasimama, napia ikaning'inia kutoka mbinguni.

"Hapo sawa," akasema, akinimiminia. "Napia haina maziwa."

Picha ndiyo hii. Itundike napia ikiwa juu, dada yangu mpendwa, kwa sababu Mama Chebet anakuja Kisumu kukagua ukuta wako.

Ndugu yako,
Otieno